Kahawa nzuri nyumbani bila mashine ya mamilioni: mwongozo kamili kwa sisi wa Uganda

Ingia mgahawa wa kawaida hapa Kampala uagize kahawa uone. Utaletewa chupa ya maji moto, kopo la kahawa ya kuyeyuka, sukari na kijiko, alafu ujitengenezee mwenyewe, na ukiuliza kama kuna ya kusagwa mhudumu anakuangalia kama umeomba supu ya mawe. Na hii ndo nchi ambayo kahawa aina ya robusta asili yake ni misitu yetu, mpaka leo msitu wa Kibale una miti ya robusta ya mwituni. Novemba 2024 wabunge walishikana mashati bungeni kwa sababu ya kuirudisha UCDA, mamlaka ya maendeleo ya kahawa, kwenye wizara ya kilimo, watu wanapigana ngumi kwa ajili ya kahawa alafu jioni wanaenda nyumbani kunywa chai, banange.

Silaumu mtu, mi mwenyewe nimekulia Arua kwenye chai ya maziwa. Kahawa ilikuwa ya bibi na wageni wake tu, anaikaanga kwenye chungu, anaitwanga kwenye kinu kidogo pamoja na tangawizi kavu, na kazi yangu ilikuwa kupepea sigiri na kutokugusa kitu. Nilipokuja Kampala kutafuta maisha nikanunua pakiti ya supermaketi nikaipika, ikanuka kama kamba iliyoungua, nikajua basi kahawa ni ya wazee. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba bibi hakuwa na uchawi wowote, alikaanga asubuhi na akatwanga dakika tano kabla ya kuchemsha, basi. Kwa hiyo mwongozo huu ntakaa sana kwenye buni, kukaanga na kusaga, vifaa vya kumimina maji ntavipitia haraka, sababu kahawa mbaya hakuna birika la kuiokoa.

KUPATA BUNI

Kama hutaki kukaanga mwenyewe, nunua iliyokaangwa ikiwa bado punje nzima, na tafuta tarehe ya kukaangwa kwenye pakiti. Sio tarehe ya kuisha muda, hiyo haikuambii kitu. Mwaka jana nilinunua pakiti imeandikwa "freshi" kwa herufi kubwa mbele, nyuma hakuna tarehe yoyote ya kukaanga, nikafungua nyumbani hata harufu haikutoka. Kahawa iliyokaangwa juzi ukifungua pakiti jirani anajua. Wakaangaji wadogo wapo sasa Kampala na Mbale, wengi wanauza mpaka kwa WhatsApp na boda anakuletea, muulize tu "umekaanga lini?" akianza kuzunguka zunguka achana naye.

Kama unataka kukaanga mwenyewe, na mi nakushauri ujaribu hata mara moja, unahitaji kujua maneno ya wauzaji. Kiboko ni matunda yaliyokaushwa na ganda lake, hiyo usinunue kama huna pa kukoboa, na kilo ya kiboko ukishakoboa unabaki na karibu nusu tu. Unachotaka ni kase, yaani buni mbichi iliyokobolewa. Kwa robusta utasikia skrini 18, skrini 15, skrini 12, huo ni ukubwa wa punje tu, skrini 18 ni zile kubwa ambazo hazipiti tundu la milimita 7 hivi, kubwa inakaangika sawasawa lakini usidhani ndogo ni mbaya. Arabika, ile aina nyingine ya kahawa, iliyooshwa wanaiita Wugar na ile iliyokaushwa na ganda lake wanaiita Drugar, hii ya pili ina ladha ya matunda zaidi, wengine wanaipenda sana wengine wanasema inanuka kama pombe ya ndizi.

Robusta inatoka huku chini, Masaka, Bukomansimbi, Luweero, Mukono mpaka Busoga. Arabika inataka mlima: Bugisu na Sebei kwenye Elgon (Sipi, Budadiri, Bulambuli), Rwenzori upande wa Kasese na Bundibugyo, Kisoro, na kwetu West Nile kule Paidha na Zombo. Mi nina shangazi Paidha kwa hiyo usiniulize ipi bora, jibu unalijua.

Kitu kimoja watu wanakosea ni kudharau robusta. Ndiyo, ni chungu zaidi, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, lakini kwa kahawa ya maziwa robusta nzuri iliyochaguliwa inashinda, sababu arabika ya Sipi ukiimwagia nusu lita ya maziwa na tangawizi inapotea kabisa, umetupa hela. Kwa maziwa tumia robusta au changanya nusu kwa nusu, kwa kavu, yaani bila maziwa, tumia arabika. Mi ndo navyofanya kila siku.

KUKAANGA KWENYE SIGIRI

Anza na gramu 200, sio zaidi, ukijaza sufuria chini zinaungua juu zinabaki mbichi. Mwaga buni kwenye sinia uchague kama unavyochagua mchele: toa nyeusi, zenye ukungu, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, na mawe, maana mawe yapo. Usiruke hapa. Punje moja iliyooza inaharibu buli zima, nimelipima hilo kwa ulimi wangu.

Tumia sufuria nzito au chungu cha udongo, zile sufuria nyepesi za alumini zinapata moto sehemu moja. Mkaa uwe umeshika vizuri bila moshi, joto la kati. Mwaga buni na uanze kukoroga na mwiko, na hapa sikiliza vizuri, USIACHE KUKOROGA, simu ikilia iache ilie.

Mara ya kwanza kabisa nilikaanga ndani ya muzigo wangu, chumba kimoja, dirisha moja, jikoni ndo sebuleni. Dakika ya nane hivi simu ikalia nikapokea, ni kaka yangu, nikasema "subiri kidogo" na hiyo kidogo ikawa dakika mbili. Nilipogeuka moshi umejaa mpaka siioni taa, buni zinang'aa mafuta kama makaa yaliyopakwa samli, na mlangoni jirani yangu mama wa watoto watatu anagonga kwa ngumi, "Baba, toka nje, nyumba inaungua!" ameshika jerikeni la maji tayari. Nikamfungulia nimeshika mwiko. Tangu siku ile nakaanga uani.

Hatua zenyewe zinakwenda hivi. Dakika za mwanzo buni zinatoka kijani zinakuwa njano, harufu ni ya majani makavu. Baadaye zinakuwa kahawia hafifu na harufu inageuka kuwa ya mkate, makapi membamba yanaanza kuruka. Karibu dakika ya nane mpaka ya kumi na mbili, inategemea moto wako, utasikia zinapasuka pa, pa, papapa kama bisi. Huo ndo mpasuko wa kwanza na kabla ya hapo kahawa hainyweki, ina uchachu wa nyasi. Kwa kahawa ya kunywa kavu mi naacha dakika moja na nusu mpaka mbili baada ya mpasuko kuanza alafu natoa. Kwa ya maziwa nasubiri kidogo zaidi ziwe kahawia iliyokolea. Ukiendelea utasikia mpasuko wa pili, sauti nyembamba na ya haraka, kama chumvi imeanguka kwenye moto, hapo mafuta yanaanza kutoka nje, na toka hapo mpaka makaa ni sekunde chache tu.

Ukishatoa mwaga kwenye ungo papo hapo upepete, zipoe haraka sababu zikibaki kwenye sufuria zinaendelea kuiva zenyewe, na kupepeta kunatoa makapi pia. Gramu 200 zitakuwa zimebaki kama 170, usidhani umeibiwa, ni maji yametoka.

Alafu subiri. Najua inauma, nyumba nzima inanukia, lakini kahawa iliyotoka motoni imejaa gesi na ukiipika leo maji hayaingii vizuri, inatoa povu nyingi na ladha haijatulia. Bibi alikuwa anakunywa siku hiyo hiyo ndiyo, lakini yeye alichemsha na tangawizi, hiyo inafunika mengi. Kwa kumimina mpe siku nne au tano. Weka kwenye chupa ya kioo au kopo lenye kifuniko cha kubana, siku ya kwanza usikaze kabisa ili gesi itoke, na uweke kabatini mbali na jua na jiko. Frijini hapana, inavuta unyevu na harufu ya samaki. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, pia hapana. Ndani ya wiki tatu mpaka nne uwe umemaliza.

KUSAGA, HAPA NDO PAWEKE HELA

Ukiniambia una laki kadhaa za kutumia kwenye kahawa, ntakuambia nunua kisagio cha mkono chenye meno ya chuma cha pua na zikibaki nunua mizani ya digitali inayosoma gramu moja moja. Usinunue birika la shingo ndefu kwanza, usinunue mashine ya esipreso ya bei rahisi kabisa, ile itakaa juu ya kabati ikikusanya vumbi kama ya rafiki yangu mmoja.

Sababu ni hii. Kahawa ikisagwa inapoteza harufu haraka sana, ndani ya saa chache unaisikia imepungua, kwa hiyo ile uliyosagiwa dukani mwezi uliopita ni kivuli. Na zile blenda za visu hazisagi, zinakatakata, unapata unga na mabonge pamoja, unga unatoa uchungu, mabonge yanatoa uchachu, vyote kikombe kimoja. Kisagio chenye meno kinatoa vipande vinavyolingana.

Kama huna kabisa, kinu na mchi vinafanya kazi, twanga kidogo kidogo, chekecha na chujio la chai, kilichobaki juu rudisha kinuni. Mkono utauma lakini utakunywa.

Ukubwa unategemea unapika na nini. Kwa kuchemsha na jabana (birika dogo la kahawa la Kisudani), laini kama unga wa ngano. Kwa moka poti (birika la chuma linalopandisha maji kupitia kwenye kahawa), kama chumvi laini ya mezani. Kwa kumimina juu ya filta, kama sukari yetu ya kahawia. Kwa sufuria na frenchi presi (buli lenye kichujio cha kusukuma chini), kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Chukua kidogo katikati ya vidole usugue utaelewa haraka.

MAJI

Wazungu kwenye video wanakuambia chemsha alafu subiri maji yapoe mpaka nyuzi 93. Wao wako karibu na usawa wa bahari. Kampala tuko karibu mita 1,200 juu, maji yetu yanachemkia kama nyuzi 96, Kabale wako karibu mita 2,000 na yanachemkia kama 93, kwa hiyo ukiwa Kabale ukisubiri yapoe unapika kahawa na maji ya kuogea. Huku mimina tu yakitoka kuchemka. Labda kama kahawa yako imekaangwa sana nyeusi, hapo subiri nusu dakika.

Ya bomba yakiwa na harufu ya klorini chemsha kifuniko kikiwa wazi dakika kadhaa. Maji yenye chumvi chumvi ya visima vingine yanaua ladha, hapo tumia ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa au ya kununua.

Kipimo: gramu 1 ya kahawa kwa gramu 16 za maji. Kikombe cha mililita 250 ni kama gramu 15 au 16. Huna mizani? Kijiko cha mezani kilichosawazishwa ni kama gramu 5, kwa hiyo vijiko vitatu kwa kikombe, na watu wengi wanaolalamika "kahawa yangu maji maji" wanaweka kimoja.

KUPIKA

Sufuria. Hii haina kifaa na kusema kweli ndo naipenda kuliko zote. Chemsha nusu lita, toa motoni, weka gramu 30 za kahawa iliyosagwa mabonge mabonge, koroga mara tatu, funika dakika 4. Funua, vunja ule utando wa juu na kijiko, toa povu lililobaki. Sasa acha dakika nyingine 4 bila kugusa, mashapo yanashuka chini yenyewe. Mimina polepole kupitia chujio na uache kidole kimoja cha maji chini, usiwe mchoyo, kile cha mwisho ni matope. Watu wanachemsha kahawa dakika kumi ikitokota kama maharage, ndo maana ni chungu.

Frenchi presi ni hivyo hivyo, tofauti tu unasukuma kichujio chini mwishoni, usisukume kwa nguvu, na mimina yote ukishasukuma, ukiiacha ndani inaendelea kukamuliwa.

Kumimina, iwe V60 (ile koni ya kuwekea filta ya karatasi) au ile filta ya kitambaa ya kushona kwa fundi (kitambaa cha pamba cheupe kisicho na rangi, waya wa hanga, umemaliza). Lowesha filta kwa maji moto kwanza. Gramu 15 za kahawa, mimina maji kama gramu 45, subiri sekunde 40 inaumuka kama unga wa mandazi, kama haiumuki kahawa yako ni ya zamani. Alafu mimina kwa mduara mpaka 150, ikishuka kidogo malizia mpaka 250. Yote iwe imeshuka kati ya dakika mbili na nusu na tatu na nusu.

Moka poti: weka maji moto chini, sio baridi, jaza kahawa bila kuishindilia, moto mdogo, ikianza kukoroma toa.

Ya bibi, kahawa ya jabana kama wanavyokunywa Sudan: kahawa iliyosagwa laini, tangawizi kavu iliyotwangwa, kama kijiko kimoja cha tangawizi kwa vinne vya kahawa, ichemke mara moja ipande, itoe, ishuke, irudishe ipande tena, acha itulie, mimina kwenye vikombe vidogo na sukari. Ramadhani baada ya futari na tende mbili hakuna kitu kinashindana nayo. Kama huna jabana sufuria ndogo inatosha.

Ya maziwa, chemsha maziwa na maji nusu kwa nusu na tangawizi kama unapika chai, zima moto, NDO uweke kahawa, dakika 4, chuja. Ukiweka kahawa mwanzoni pamoja na maziwa unaipika mara mbili.

IKIHARIBIKA

Ikiwa chachu, inakata ulimi kama limao bichi na haina uzito, maji hayajakamua vya kutosha, saga laini zaidi au ongeza muda. Ikiwa chungu inakausha mdomo, umekamua kupita kiasi, saga kubwa zaidi au punguza muda. Badilisha kitu kimoja tu kwa siku na andika kwenye daftari, mi nilikuwa nabadilisha vitatu kwa pamoja alafu nashangaa kipi kimesaidia. Ikiwa nyepesi tu lakini tamu, ongeza kahawa. Ikinuka moshi hapo hakuna dawa, umeikaanga vibaya, wape wageni wanaoweka sukari vijiko vinne.

SAA NGAPI

Kafeini inakaa mwilini, baada ya saa tano hivi nusu bado ipo. Kikombe cha robusta saa kumi na moja jioni, saa nne usiku uko kitandani unahesabu mabati. Mi kikombe cha kwanza ni saa moja asubuhi na chapati, cha pili saa sita, baada ya saa nane nimefunga. Shangazi yangu anakunywa saa tatu usiku na analala kama mtoto, kwa hiyo jijue mwenyewe.

Na ukitembelea watu Buganda wakakuletea kakifuko kadogo ka majani makavu kenye punje za kahawa ndani, usitafute maji moto. Hizo ni emmwanyi, zimechemshwa zikiwa mbichi pamoja na majani ya kunukia na kukaushwa, zinatafunwa. Mgeni anapewa kama heshima. Zamani ndizo walifungia omukago, undugu wa damu, punje mbili za tunda moja kila mmoja anakula yake ikiwa na damu ya mwenzie. Nilipopewa mara ya kwanza Masaka nikamuuliza mzee, "Hizi nasagia wapi, sebo?" Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Saga na meno, mwanangu."

USAFI

Mafuta ya kahawa yanaganda kwenye kila kitu na yakikaa yanachacha. Presi na chujio osha kila siku kwa sabuni na suuza sana. Kisagio usikitie maji, tumia brashi ya rangi mpya iliyo kavu. Filta ya kitambaa usiioshe na sabuni kabisa, inabaki na harufu, chemsha kwenye maji matupu mara moja kwa wiki na uianike, ikianza kunuka hata ikiwa imekauka shona nyingine. Na chujio la kahawa liwe la kahawa peke yake, la chai lina tangawizi na iliki mpaka kwenye waya, hata ulisugue vipi.

Mashapo usimwage kwenye sinki, yanaziba bomba, kwangu fundi alitoa bonge zima kama ugali wa mtama. Yaanike kidogo uchanganye na mbolea ya bustani. Jirani yangu yule wa jerikeni huwa anayachukua kwa ajili ya sukuma zake za kwenye magunia, ila akiona naanza kupepea sigiri uani bado anaanua nguo kwanza.